Meza ya bei poa ya kulamineti mapezi ya kuogelea: anza na meza, rezini itakusubiri

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni lile lile, "nimeshapata faiba na epoksi, nianze vipi?" Mi nauliza: una meza? Jibu linakuja, ndio nina meza ya chakula. Hapo ndo tunarudi nyuma kidogo, kwa sababu bleidi ya pezi (lile bapa refu linalosukuma maji) unaitengeneza kwa kulamineti, yaani kulaza leya za faiba zilizolowa epoksi (rezini inayokauka ikawa ngumu) juu ya meza, na inakopi kila kitu kilichopo chini yake, kama meza ina bonde la mm 2 bleidi nayo itakuwa na bonde la mm 2, kama meza imejisokota bleidi itatoka imejisokota kama propela alafu ukiingia majini mguu mmoja unakuvuta pembeni na huelewi kwanini.

Nalijua hilo kwa sababu meza yangu ya kwanza ilikuwa mlango wa zamani. Ulionekana umenyooka kabisa. Nimekuja kuupima baada ya kuharibu jozi nzima nikakuta kona moja iko juu kwa mm 4. Rezini yote ile, faiba yote ile, kisa sikuwa na nyuzi mbili za kupimia.

Kwa hiyo huu mwongozo ni wa meza tu. Kupanga leya za faiba ni somo lingine, ntaligusa pale linapohusu meza.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Plaiwudi ya mm 12, shiti moja na nusu hivi. Chagua ile iliyolala vizuri, usichukue iliyoegeshwa ukutani miezi mitatu.
- Fomaika nyeupe inayong'aa, kipande cha sm 125 kwa 80. Nyeupe sio urembo, utaona sababu mbele.
- Gundi ya mbao, na gundi ya mpira (ile ya kubandikia fomaika, inapakwa pande zote mbili ikauke ndo ukutanishe).
- Mabomba mawili ya chuma ya mraba yaliyonyooka, urefu unaozidi mita 1.2. Hata ya kuazima, utayarudisha.
- Uzi mwembamba wa kutosha, rula ndefu ya chuma, pima maji, penseli.
- Msumeno, randa, drili, skrubu, klempu chache, matofali au ndoo za maji za kukandamizia.
- Bodi fila kidogo, ile ya kuzibia mabodi ya magari.
- Msasa namba 80, 120 na 240, umefungwa kwenye kipande cha mbao kilichonyooka. Usipige msasa kwa vidole, vidole vinachimba mabonde.
- Nta ya moldi (ya kuzuia rezini isishike meza). Kama unaweza kupata na karatasi ya plastiki ya poliesta (ile ngumu inayong'aa, inayolia ukiikunja) chukua, itakuokoa.
- Glavu za naitrili, miwani, maski yenye filta ya kemikali kwa ajili ya gundi na rezini, na maski ya vumbi.

Kuhusu kioo: ndio, kioo kinafaa sana, kioo cha kawaida cha dirisha kinatengenezwa kwa kuelea juu ya bati iliyoyeyuka ndo maana kimenyooka vile. Kama unatengeneza bleidi zisizo na pembe, nunua kioo cha mm 8 au 10, kilaze, umemaliza. Lakini bleidi nyingi za mapezi marefu zina pembe pale zinapokutana na kiatu (sehemu ya pezi unayovaa mguuni), na kioo hakikunjiki. Alafu kina uzito, kila mita moja ya mraba kwa kila mm 1 ya unene ni kilo 2.5, fanya hesabu mwenyewe ya mm 10. Jambo lingine, kioo cha tempa sio chaguo zuri hapa, kile kinapochomwa kinapata vimawimbi, kiangalie kwa taa utaona mwanga unacheza.

MDF tupu (ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa) achana nayo. Inapitisha hewa, ikinywa maji inavimba, na ukipaka rezini juu yake bila kinga inakuwa sehemu ya pezi lako milele.

Vipimo ninavyotumia

Bleidi nyingi za mapezi marefu zinacheza kwenye sm 75 hadi 90 urefu na sm 19 hadi 22 upana. Mi nashauri meza iingize bleidi mbili kwa pamoja, yaani unalaza shiti moja pana alafu unakata bleidi mbili kutoka humo. Sababu ni rahisi: faiba moja, kikombe kimoja cha rezini, joto moja, basi kulia na kushoto zinakuwa na ugumu sawa. Ukitengeneza leo moja na kesho nyingine utashangaa jinsi zinavyotofautiana.

Kwa hiyo: upana sm 75, urefu sm 120. Katika hizo 120, sm 95 ni sehemu iliyolala na sm 25 za mwisho ni mteremko wa upande wa kiatu. Pembeni kote unabaki na kama sm 10 za kubandikia utepe wa vakyumu (mfuko wa plastiki unaonyonywa hewa kwa pampu ili ukandamize kazi) siku ukifika huko.

Mteremko nimesema, sio mpando. Wengi wanaweka ubao unaopanda kwa sababu ndo picha waliyonayo kichwani. Ukipanda unapata kona ya ndani, rezini inakwenda kujaa pale kama maji kwenye shimo, na faiba inavutika inakuwa kama daraja, chini yake tupu. Ukishuka, faiba inalalia bega lenyewe (kona pale mteremko unapoanzia) bila kubembelezwa.

Pembe unachagua mwenyewe. Kwa sm 25 za mlalo, mwisho wa mteremko unashuka hivi:

- digrii 20: sm 9.1
- digrii 22: sm 10.1
- digrii 25: sm 11.7

Kama hujui uchague ipi chukua 22, utaogelea vizuri tu.

Hatua kwa hatua

1. Panga reli zako mbili. Weka mabomba mawili ya chuma juu ya stendi au meza yoyote, sambamba, yaachane kama sm 60. Hii ndo hatua ya muhimu kuliko zote na ndo watu wanairuka. Sanduku la mbao likishikana na gundi linabaki na umbo lilelile lililokuwa nalo gundi ikikauka, kama lilikaa juu ya kitu kilichopinda, limepinda, na hakuna randa ya kulinyoosha baadaye.

Sasa funga nyuzi mbili kutoka kona hadi kona, ziunde alama ya X, kila uzi unagusa mwisho wa reli moja na mwisho wa pili wa reli nyingine. Katikati zinapokutana zigusane tu, wa juu usikandamize wa chini na kusiwe na uwazi. Alafu badilisha, wa chini uwe juu, angalia tena. Ukiona uwazi wa mm 1 katikati jua kona iko juu kwa mm 2. Ingiza vipande vya karatasi au bati la kopo chini ya reli mpaka nyuzi zitulie. Mi hapa natumia hata nusu saa, na sijawahi kujuta.

Pima maji haitoshi kwa kazi hii, inakuambia reli imelala, haikuambii kama mbili zinakubaliana mpaka mwisho. Nyuzi hazidanganyi.

2. Kata mbavu ndefu tano. Kila moja urefu sm 120 na kimo sm 15. Kata ya kwanza kwa uangalifu, chora mteremko wa sm 25 za mwisho (kwa digrii 22 mwisho unabaki na kimo cha sm 4.9), hiyo ndo templeti. Nyingine nne zifuatishe hiyo. Ukishamaliza zifunge zote tano pamoja kwa klempu kama kitabu, alafu piga randa na msasa zote kwa wakati mmoja, juu, chini na kwenye mteremko. Usizipime moja moja, utazeeka.

3. Kata mbavu fupi za kukatiza. Zinakaa katikati ya zile ndefu, safu tano, zigawanye sawasawa. Kimo sm 15 hizo zilizo kwenye sehemu iliyolala. Urefu wake pima pale pale kwenye kazi, unategemea unene halisi wa plaiwudi yako, maana plaiwudi iliyoandikwa mm 12 mara nyingi haifiki 12. Safu moja hakikisha iko chini kabisa ya kona pale mteremko unapoanzia.

4. Unga kiunzi. Weka plaiwudi ya chini (sm 120 kwa 75) juu ya reli, paka gundi ya mbao, simamisha mbavu zote, skrubu chache kutokea chini za kushikilia tu. Kisha juu, kipande cha sm 95 kwa 75 cha sehemu iliyolala na kipande cha sm 27 kwa 75 cha mteremko. Ndio, 27 sio 25, mteremko ni mrefu kuliko kivuli chake. Skrubu za juu weka pembeni tu na uzizamishe, kichwa cha skrubu kilichobaki juu utakiona kwenye kila pezi utakalotengeneza maisha yako yote.

Weka uzito juu: matofali, ndoo za maji, betri kuukuu, chochote, usambazwe sawa. Angalia nyuzi tena SASA HIVI gundi ikiwa mbichi. Ukimaliza usiguse mpaka kesho.

*Kosa la kawaida:* mtu anabana klempu kwa nguvu upande mmoja mpaka gundi inatoka kama dawa ya meno. Klempu inavuta reli, reli inahama, umesokota sanduku kwa mikono yako mwenyewe.

5. Toboa tundu la kupumulia. Tundu moja la mm 10 kwenye plaiwudi ya chini, na kila ubavu uwe na katundu kadogo ka kupitisha hewa (ni rahisi ukitoboa kabla ya kuunga). Hapa najibu na lile swali la "vakyumu haitaivunja meza?" Haivunji, kwa sababu hewa inayosukuma mfuko kutoka juu, hewa hiyo hiyo iko ndani ya sanduku inasukuma juu kutokea chini, zinalingana. Shida inakuja sanduku likiwa halipumui na vakyumu ikapata kaupenyo ka kunyonya hewa ya ndani, hapo kweli mbao zitalia.

6. Zungusha bega. Pale kona ya mteremko isibaki kali, faiba ikikunjwa kwenye kona kali inavunjika haraka na pezi litakatikia hapohapo. Nataka bega la duara lenye nusu kipenyo cha sm 10. Inasikika kama kazi kubwa ila kwa digrii 22 ni kuondoa mm 2 tu juu ya kona. Piga mstari sm 2 huku na sm 2 kule, randa taratibu katikati ya mistari, malizia na msasa. Kata kadibodi yenye umbo hilo uwe unapitisha kuangalia upande huu na upande ule. Mashimo yaliyobaki ziba na bodi fila, msasa tena.

7. Bandika fomaika. Kipande kimoja, kiende juu ya sehemu iliyolala, kivuke bega, kishuke mteremko. Kisiwe na kiungo hata kimoja. Fomaika ya kawaida inakubali kukunjwa kwenye bega hilo bila shida, kama yako ni ngumu ipashe kidogo na drayari.

Piga msasa plaiwudi, futa vumbi lote, yaani LOTE, chembe moja ya mchanga chini ya fomaika ni kipele juu ya bleidi. Paka gundi ya mpira pande zote mbili, leya nyembamba, subiri mpaka ukigusa kwa kidole haishiki. Weka fito nyembamba katikati ya fomaika na plaiwudi zisigusane kabla hujapanga vizuri, kwa sababu zikigusana zimegusana. Toa fito moja moja kuanzia mwisho wa upande uliolala, ukikandamiza kutoka katikati kwenda pembeni na kitambaa au rola ya mpira. Bega fanya mwisho, taratibu.

Madirisha wazi, hakuna sigara, hakuna jiko. Mvuke wa gundi hii unashika moto vibaya sana.

8. Ziba kingo. Zunguka pembeni kote na epoksi kidogo au vanishi, plaiwudi isinywe unyevu. Usitumie silikoni. Nasema tena, silikoni isikaribie hii meza kabisa, sio ya kuzibia, sio polishi ya magari yenye silikoni, hata dawa ya kung'arisha dashibodi. Kiasi kidogo tu kikipata uso wa kazi rezini inakimbia inaacha vijishimo vya duara kama macho ya samaki, na kuiondoa ni shughuli.

9. Simamisha kwenye miguu mitatu. Mitatu, sio minne. Kitu chenye miguu mitatu hakiyumbi hata sakafu iwe ya hovyo, na muhimu zaidi sakafu haiwezi kuisokota meza yako. Miwili upande wa ncha ya bleidi, mmoja katikati upande wa mteremko. Kimo kiwe usawa wa kiuno, utasimama hapo saa mbili umeinama na glavu, mgongo utakukumbusha. Hapa sasa ndo pima maji inapata kazi yake, sehemu iliyolala ilale kweli ili rezini isihamie upande mmoja.

10. Chora ramani yako. Ndo maana nilisema fomaika nyeupe. Chukua kalamu isiyofutika, chora mstari wa katikati, bleidi zote mbili, mstari wa bega, na mistari ya kuishia kila leya ya faiba, maana bleidi inakuwa nene kwenye kiatu na nyembamba kwenye ncha kwa kupunguza leya moja moja. Faibaglasi ikilowa rezini inakuwa kama kioo, unaona mistari yote chini yake, huna haja ya kupima na glavu zenye gundi. Kaboni, ile faiba nyeusi, haikupi raha hiyo, kwa kaboni chora alama ndefu zinazotokeza nje ya kazi.

11. Kinga ya kutoshika. Kuna njia mbili.

Ya kwanza ni plastiki ya poliesta. Ilaze juu ya meza, ivute isiwe na mkunjo, bandika pembeni kwa utepe. Epoksi haiishiki, ikikauka inabanduka yenyewe na bleidi inatoka inang'aa kama kioo. Kwa anayeanza hii ndo njia, na mistari yako inaonekana chini. Unyevu kidogo wa maji katikati ya fomaika na plastiki unasaidia ilale bila mapovu, ila kausha pembeni kote utakapobandika.

Ya pili ni nta. Meza mpya inataka leya 5 au 6, kila moja unapaka, unasubiri ifanye ukungu, unang'arisha na kitambaa safi, unaiacha kama saa moja ndo unarudia. Baada ya hapo kila kazi leya moja au mbili zinatosha. Usiache eneo hata dogo. Nta ikipita juu ya mistari ya kalamu inaweza kuifuta, jaribu pembeni kwanza.

Huna vyote viwili? Selotepu pana ya kufungia maboksi, epoksi haiishiki pia. Itaacha alama za viungo kwenye bleidi, unapiga msasa. Sio nzuri ila inafanya kazi.

12. Jaribu kwanza na kipande kidogo. Kata vipande viwili vya faiba vya sm 10 kwa 10, kila kimoja leya mbili, weka kimoja kwenye sehemu iliyolala na kingine juu ya bega. Kesho yake bandua. Vimetoka? Vizuri, endelea. Vimeng'ang'ania? Umepoteza kijiko cha rezini badala ya bleidi mbili.

Kuhusu uzito na vakyumu

Wengi wanauliza, si niweke tu ubao juu na ndoo za maji? Weka, lakini ujue unapata nini. Ndoo tatu za kilo 20 kwenye meza nzima hii ni chini ya kilo moja kwa kila sm 10 kwa sm 10. Vakyumu nzuri ya asilimia 80 inakandamiza kama kilo 80 kwa eneo hilohilo. Kwa hiyo ndoo zinashikilia kazi isiinuke, hazikamui rezini. Kukamua utafanya wewe kwa kikwaruzio cha plastiki: leya ya plastiki juu, unasukuma kutoka katikati kwenda nje, mapovu na rezini ya ziada vinatoka pembeni. Jozi nyingi nzuri sana zimetengenezwa hivyo bila pampu yoyote, asikutishe mtu. Kwenye mteremko ndoo hazikai, tumia mfuko mrefu wa mchanga uliofungwa vizuri kwenye plastiki ulalie bega.

Siku ukipata pampu (kompresa ya friji bovu inavuta vizuri, ila ni kazi ya umeme, mpe anayejua aifunge, na gesi iliyomo itolewe na fundi wa friji), bandika utepe wa vakyumu moja kwa moja kwenye fomaika yenyewe. Ukitumia plastiki ya poliesta iwe ndogo kidogo kuliko mzunguko wa utepe, ikae ndani. Kuna wanaofunga kazi ndani ya mfuko kama bahasha alafu wanauweka juu ya meza, hiyo inabana faiba yenyewe kwa yenyewe lakini haiibani kwenye meza, kwenye bega itajinyanyua na pembe yako imekwenda.

Kabla ya rezini, funga mfuko mtupu, vuta, ziba, ondoka nusu saa. Geji imeshuka? Tafuta panapovuja kwa sikio, utasikia kafilimbi. Ukikuta rezini iko ndani ndo unatafuta uvujaji, umechelewa.

Joto

Epoksi ikiwa baridi inakuwa nzito na inakauka kwa tabu, ikiwa na joto inakauka haraka, kwa makadirio kila digrii 10 zikiongezeka muda wako wa kufanya kazi unapungua nusu. Meza ikiwa baridi inanyonya joto la rezini hata kama chumba kina joto, watu wanasahau hilo. Funika meza na blanketi juu ya fremu, taa moja ya balbu ya zamani ndani mbali na kitambaa, na uwe karibu. Usivuke digrii 50 hivi, gundi ya mpira inalegea ikipata joto jingi na fomaika itaanza kunyanyuka kwenye bega. Kama unataka kuchoma bleidi kwa joto la juu zaidi, ibandue kwanza.

Na rezini iliyobaki kwenye kikombe usiiache imejaa, inajipasha yenyewe mpaka inatoa moshi. Imwage kwenye kitu kipana, isambae.

Ikigoma

*Bleidi haibanduki.* Usikimbilie kisu. Anzia ncha, kabari za plastiki (kadi kuukuu inatosha), sukuma kidogo kidogo kuzunguka. Ikikataa, mwagia maji ya moto juu ya bleidi, epoksi inalegea kidogo, jaribu tena. Ukitumia chuma utakwangua fomaika na mkwaruzo huo utaurithi kila bleidi.

*Bleidi imejisokota.* Pima meza kwa nyuzi kwanza. Meza ikiwa sawa basi tatizo ni faiba, leya za juu na chini hazifanani au kitambaa kimevutwa kimshazari. Angalia pia kama uliibandua mapema, bleidi ambayo haijakomaa ukiisimamisha ukutani inapinda usiku huohuo.

*Vijishimo vya duara kwenye uso.* Silikoni au mafuta. Osha meza kwa maji ya sabuni, kausha, futa kwa spiriti, paka nta upya. Vikirudi, tumia plastiki ya poliesta uachane na huo uso.

*Sehemu nyeupe kavu kwenye bega.* Rezini imeshuka na mteremko. Lowesha bega mwisho na ulirudie baada ya dakika chache, au inua upande wa kiatu kidogo kwa kabari mpaka rezini ianze kushika, alafu rudisha.

*Fomaika imefanya povu.* Likiwa dogo na jipya, lipashe kwa pasi ya uvuguvugu juu ya kitambaa na ukandamize mpaka lipoe. Likikataa lichome kwa sindano, ingiza epoksi, weka uzito, msasa laini. Likiwa chini ya eneo la bleidi mi naona bora ubandue fomaika yote uweke nyingine, fomaika ni rahisi kuliko hasira.

*Uso wa bleidi unanata siku ya pili.* Vipimo vya hadna (dawa ya kukausha epoksi) vilikosewa au baridi. Pima kwa mizani, sio kwa jicho. Kuongeza hadna ili ikauke haraka hakufanyi kazi kwenye epoksi, unaharibu tu.

*Mikono inawasha.* Acha kazi hapohapo. Epoksi ikikupa mzio haikuachi, kila ukiisogelea inarudi. Rezini ikigusa ngozi osha kwa sabuni na maji, usitumie thina, thina inaiingiza ndani zaidi. Na ukikata au kupiga msasa bleidi fanya kwa maji, vaa maski, lile vumbi la faiba sio la kuchezea. Usilifanye juu ya meza hii pia, nenda nje, vumbi moja tu chini ya plastiki na unaanza kusafisha upya.

Ukimaliza kazi ya siku ifunike meza kwa shuka na usiweke kitu juu yake. Najua ni meza, iko usawa wa kiuno, imenyooka, inavutia, mtu atakuja na chai yake. Mi yangu nimeiandikia kwa kalamu nyekundu upande wa mteremko "SIO YA VIKOMBE" na bado nilikuta duara la kahawa juu ya bleidi ya kushoto.